Sala ya Mashua

Motufala, 9 Februari 1985

Dada yangu Losa,

Huku sote wazima, isipokuwa goti langu, ambalo mke wangu anasema linauma siku za kazi tu. Kwenye kapu kuna ng'onda wa jodari, asali ya tembo la mnazi, na mkeka mdogo aliousuka binti yangu Sepola. Ukingo umepinda upande mmoja. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Tangu binti yako Alieta afariki mwezi wa Agosti sijakuandikia neno la maana. Nilianza mara kadhaa nikachana. Meli haikupita huku hadi mlipokuwa mmeshazika, na hata kama ningefika, ningekaa upande wa wanaume nikitazama chini, kama kaka anavyotakiwa mbele ya dada yake. Tangu tukue sijakutazama usoni, na ndivyo tulivyolelewa. Kwenye karatasi tu ndipo ninapopata mdomo, na huo nao umenishinda. Pole sana, dada. Nampenda mtoto wako kama yuko hai.

Sasa sikia ninachokiomba. Mchungaji wetu Elekana anamaliza muda wake na baraza linatafuta mwingine. Mimi ni mzee wa kanisa mwaka huu, kwa hiyo kichwa kinachouma ni changu. Elekana ni mtu mwema, simsemi vibaya, ila akipanda mimbarini sisi tunalala macho wazi. Anafuata mstari kwa kidole mithili ya mtoto wa darasa la kwanza. Na sala yake ya kuagia mashua! Anaisema huku anasukuma, miguu majini, na amina inatoka mashua imeshaenda. Siku waliyokuja wageni kutoka makao makuu Funafuti nilitamani mchanga unimeze.

Mwezi uliopita mchungaji wenu, Isaako, alikuwa safarini kwenda kwenye mkutano wa kanisa, na meli ikalala hapa Jumapili kwa ajili ya kupakia mbata. Tukampa mimbari. Losa, sijui nikuambieje. Watu wazima walilia. Hata Kamuta, ambaye hajalia tangu azaliwe, alijifuta uso kwa mkono wa shati. Na alisema habari za Alieta! Hakutaja jina, lakini alisema ni msichana aliyemtumikia nyumbani kwake, nikajua. Nilikaa pale nikiwa na huzuni na fahari kwa pamoja.

Baraza lote linamtaka. Lakini wewe umempikia zamu kwa zamu miaka yote hiyo, na binti yako alilala chini ya paa lake. Nyumba yenu na yake zinatazamana. Niambie: ni mtu wa namna gani? Ana imani? Sepola ametimiza umri wa kwenda kutumika nyumba ya mchungaji, na nitamtoa mimi kwa mkono wangu. Ndiyo maana nauliza kama baba pia.

Kaka yako,
Teagai


Nukulalo, 3 Machi 1985

Kaka Teagai,

Kapu limefika. Ng'onda walikuwa wazuri. Mkeka haujapinda sana, mwambie Sepola nimeulalia.

Shemeji yako Taukave mzima. Anavua. Akirudi anaweka samaki mlangoni, ananitazama, kisha anakwenda kukaa kwenye banda la mitumbwi. Mimi nimelima shimo la magimbi la mama mkwe na la kwetu. Watu wanasema nimepata nguvu. Si nguvu. Mikono inafanya kazi na mimi sipo. Juzi nilishika sufuria la moto, nikalibeba hadi mezani, ndipo mtoto wa jirani akaniambia, mama, unaungua.

Umeuliza habari za mchungaji Isaako. Anasema vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hilo ni kweli. La imani sijui mtu analipimaje.

Nina ombi. Niandikie alichokisema juu ya Alieta. Si kwa kifupi. Andika maneno yake jinsi unavyoyakumbuka, hasa pale aliponitaja mimi, kama alinitaja.

Nakutumia chumvi na mafuta ya nazi ya goti.

Dada yako,
Losa


Motufala, 30 Machi 1985

Dada yangu Losa,

Umetuokoa! Barua yako ilifika asubuhi na baraza lilikaa mchana wake. Nikasimama ukumbini, nikakohoa kidogo kama watu wakubwa wanavyokohoa, nikawasomea: "Anasema vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hilo ni kweli." Walipiga makofi hadi kuku wakatoka. Lile la kwamba hujui imani inapimwaje sikulisoma. Nakujua, wewe hujisifii wala humsifii mtu, na kama kungekuwa na baya ungelisema. Hukulisema.

Aliyepinga ni mmoja tu, Bibi Vaesua, yule aliyempoteza mumewe kwenye kimbunga. Aliinua mkono akauliza, "Kuna mtu hapa amewahi kumwona huyo Isaako akisubiri chakula?"

Watu wakaangua kicheko. Kamuta akamwambia, "Bibi, unataka mchungaji au unataka mume?"

"Mume nilimjua nilipomwona akisubiri chakula," akasema. "Huyu mnamwita kwa sababu aliwaliza. Kitunguu nacho kinaliza."

Tukacheka tena, tukapiga kura. Simu ya redio imepigwa na Isaako amekubali. Atakuja na meli ijayo. Elekana amepewa nafasi ya kurudi kwao. Jana nilimkuta anapaka lami paa la banda letu la mashua. Nikamwambia acha, baba, si kazi yako tena. Akasema, "Linavuja." Yeye ndivyo alivyo.

Sepola ameanza kusuka mkeka mkubwa wa kuingia nao nyumba ya mchungaji. Safari hii ukingo umenyooka.

Haya, maneno yake nayaandika hapa, na sidhani nimekosea mengi, kwa maana watu wanayarudia hadi leo. Alisema:

"Nilikuwa na msichana nyumbani mwangu, mwepesi wa miguu, aliyenichotea maji kabla jua halijaamka. Ugonjwa ukamshika. Tukamlaza katika mashua impeleke kwenye meli, na kanisa lote likapiga magoti mchangani. Nilipokuwa nikiomba, ndugu zangu, niliisikia mbingu inafunguka. Na mama yake, mwanamke maskini asiye na elimu, aliyekuwa amepiga magoti kando yangu, akafumbua mikono yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mwamba: Bwana, mchukue, ni wako. Mimi niliyesomea neno la Mungu nikaona haya mbele ya imani ya mama yule. Na Bwana akamchukua."

Hapo ndipo tulipolia. Losa, mimi singeweza kusema hivyo kwa Sepola. Singeweza. Nimekuheshimu maisha yangu yote kwa sababu wewe ni dada yangu, lakini siku ile nilikuheshimu kwa sababu nyingine.

Kaka yako mwenye fahari,
Teagai


Nukulalo, 21 Aprili 1985

Kaka,

Sikusema hayo.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Nimeisoma kwa sauti nikiwa peke yangu, nikangoja nione kama nitakasirika. Sikukasirika. Nilisikia baridi kwenye meno, basi. Lakini mtoto wako yuko hai, kwa hiyo nakuandikia. Haya ni mambo ambayo dada hamwelezi kaka yake. Nivumilie.

Alieta aliumwa tumbo akiwa nyumba ya mchungaji. Nesi akamtazama, akasema ni kidole tumbo, na hapa hakuna wa kumpasua, apelekwe hospitali Funafuti. Siku hiyo hiyo meli ilikuwa nje ya mwamba wa matumbawe. Watu walisema Mungu ametupenda. Nami nilisema. Tulimbeba kwenye mkeka hadi ufukweni, tukamlaza ndani ya mashua. Wanaume waliishika mashua kwa pande zote, wakiwa wamesimama majini. Maji yaliwafika kiunoni. Taukave alikuwa mbele, ameshika kamba.

Unajua hapa kwetu mlango wa mwamba ni mwembamba na maji yakipwa haupitiki. Kila mtu alijua. Mchungaji amekaa hapa miaka, naye alijua.

Akaja kuomba. Mashua haiondoki bila sala, na sala ya mchungaji haikatizwi na mtu. Tukapiga magoti. Alianza na uumbaji wa dunia. Akaja kwa manabii. Kaka, ilikuwa nzuri. Sijasikia sala nzuri kama ile, na wanawake nyuma yangu walikuwa wanaguna kwa utamu wake. Macho yao yamefumbwa. Ya kwangu yalikuwa wazi. Nilikuwa natazama miguu ya Taukave. Maji yalitoka kiunoni yakaja mapajani. Yakaja magotini. Nikaona kovu lake la goti, lile alilolipata tulipokuwa tunachumbiana.

Nikasema, "Mchungaji, maji yanakupwa."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, naye alikuwa karibu, ningeweza kumgusa. Alifumbua macho. Alinitazama, Teagai. Akayafumba tena, akainua sauti, akasema, "Na maji haya, ee Bwana, yanayokupwa na kujaa kwa amri yako, yanatufundisha kwamba wakati si wetu." Watu wote wakaguna, "Ndiyo, Bwana." Akaendelea kutoka hapo. Alipata njia mpya ya kupita, na ilikuwa ndefu.

Aliposema amina, wakaisukuma. Ilikwama kwenye matumbawe. Wakaiinua mabegani, wakakatwa miguu, ikakwama tena. Meli ilipiga honi mara mbili ikaondoka, kwa sababu nahodha alikuwa anatazamiwa kisiwa kingine na hakujua tunambeba nani. Alieta alikuwa anauliza, "Tumefika?" Alikufa Jumatano.

Mazishini alihubiri, na mimi nililia kama wengine, nikambusu mkono. Kisha ikafika zamu yetu ya kumpikia. Hakuna aliyefikiria kuiruka, hata mimi. Nikampelekea magimbi na samaki wa Taukave. Alishukuru kwa maneno mazuri juu ya mikono ya mama anayefiwa na bado analisha. Nilipofika nyumbani niliona kwamba sikuwa nimebakiza kitu kwa ajili yetu. Tukalala hivyo. Tangu siku hiyo sijasikia kitu chochote ndani yangu, si njaa, si hasira.

Hajawahi kuniambia, "Losa, ulisema na mimi sikukusikiliza." Ningempa mkono. Naapa ningempa, kwa maana hata mimi ningeweza kusimama nikapiga kelele na sikusimama, na wanaume nao wangeweza kusukuma na hawakusukuma. Kila mtu hapa anajua na kila mtu ananyamaza, kwa sababu tukisema la mchungaji tunasema la miguu yetu wenyewe ambayo haikusogea.

Umeniuliza kama ana imani. Sijui. Huenda anayo kuliko mimi. Si mtu mbaya, huwapa watoto pipi, hamgusi binti wa mtu, hanywi. Ninachokijua ni kwamba alinisikia. Na sasa najua pia kwamba alichukua nilichokisema, akakitupa, akatia mdomoni mwangu kitu kingine kizuri zaidi, na anatembea nacho visiwani.

Anafunga mizigo. Meli itakayombeba ndiyo itakayobeba barua hii. Nimempa baharia Puafitu mkononi akupe mkononi. Jana tulimuaga mchungaji. Kulikuwa na ngoma na nguruwe, na mimi nilipika fungu langu.

Fanya unavyoona.

Losa


Motufala, 8 Mei 1985

Dada yangu,

Puafitu alinipa barua ufukweni, sherehe ya kumpokea ikiwa imeshaanza. Watu walikuwa wanavishana mashada ya maua. Nikaenda nyuma ya banda la mashua nikaisoma nimesimama. Nilipomaliza nikaanza tena juu. Mke wangu akaja kuniita, "Wewe mzee wa kanisa, kiti chako kitupu, watu wanakutafuta!" Nikamwambia goti linauma. Akanitazama usoni, akaondoka bila kunitania.

Sitakuficha. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba umechanganyikiwa kwa msiba. La pili, kwamba nimelisomea baraza nusu ya barua yako. Nilikaa kati ya hayo mawili, na ngoma inalia, nikaona aibu, kisha hata aibu ikakauka.

Nikaenda nikakaa kwenye kiti changu. Isaako alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema amesikia mimi ni kaka wa Losa, na kwamba wewe ni mama wa imani.  Sepola alikuwa kwenye mstari wa wasichana karibu na mlango, mkeka wake umekunjwa mikononi. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama baada ya sala, kumshika mkono, na kumkabidhi.

Isaako akasimama kuomba. Kila kichwa kikainama. Kilichonisumbua, Losa, ni kwamba ilikuwa nzuri. Nilitaka iwe mbaya. Nilikuwa na barua yako ndani ya shati na bado nilikuwa naanza kuguna na wengine, mwili wangu unamfuata kama mbwa. Nikafumbua macho. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amefumba macho yake kwa nguvu, kama wanavyofumba watoto.

Nikasimama. Ukumbi mzima wa vichwa vimeinama na mimi peke yangu nimesimama, goti likalia ka! Nikatembea katikati ya mikeka ya watu, nikamshika Sepola mkono, si kumpeleka mbele bali kumtoa nje. Akafumbua macho akaninong'oneza, "Baba, sala."

Na hapo nikamsikia. Hakunyamaza, dada. Hakuuliza kuna nini, kuna mgonjwa, kuna moto. Alinitazama, macho kwa macho, akayafumba, akainua sauti. Akasema, "Na wanaotoka mbele zako, ee Bwana, kwa udhaifu wa mwili, uwatangulie njiani, maana hakuna mlango ambao wewe huujui." Watu wakaguna, "Ndiyo, Bwana."

Nikasimama pale mlangoni, nimemshika Sepola mkono. Si kwa hasira. Nilijua tu kwamba neno kwa neno ulinieleza kweli, na kwamba nilikuwa nimemwona akilifanya tendo lile lile, mbele yangu.

Hayo mengine ni ya kawaida. Baraza limenivua uzee wa kanisa kwa kukatiza sala. Niliwasomea barua yako yote, ile ya kwanza, bila kuruka. Hii ya pili nilimpa Kamuta aisome mwenyewe. Aliirudisha, akaniambia kwamba mtu ameshaitwa, ameshakuja, na hatuwezi kumrudisha kama gunia la mchele bovu. Isaako amebaki. Jumapili kanisa hujaa na watu hulia. Mtoto wa Kamuta ndiye anayemchotea maji. Bibi Vaesua alinipitia na magimbi, akakaa, akasema, "Nami nilikuwa nimefumbua macho. Siku zote hufumbua." Tukala.

Nimemkumbuka Elekana akisukuma mashua. Nilimwandikia salamu, sikujua niandike nini zaidi.

Nisamehe kwa kusoma nusu. Na kwa fahari ile.

Teagai


Nukulalo, 2 Juni 1985

Kaka Teagai,

Nimepata barua yako. Sepola akitaka kuja kukaa kwangu, aje. Kuna nafasi ya kulala na kuna kazi.

Goti lipake mafuta usiku, si mchana.

Hapa bado hatuna mchungaji. Meli iliyoleta barua yako ilikuwa na mgonjwa wa kupokea kutoka kwetu, mke wa jirani, mimba imemkalia vibaya. Tukamlaza ndani ya mashua. Taukave na wenzake wakaishika. Kisha wakasimama hivyo hivyo, wakatazamana, wakatutazama sisi ufukweni, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuomba na hakuna aliyetaka kuondoka bila sala.

Niliingia majini na nguo zangu. Nikaweka mikono nyuma ya mashua kando ya mkono wa Taukave, nikasema, "Bwana, wanaondoka." Nikasukuma. Nilipofika amina walikuwa wameshapita mwamba.

 Sijui wataniita baraza au la. Nilisimama pale pale muda kidogo. Maji yalikuwa bado yananifika kiunoni, nikasikia kwamba ni ya baridi.

Dada yako,
Losa